Chuma cha Mtukufu Hakishiki Kutu

Ilikuwako nchi moja, na jina lake msiniulize, maana kila nikilitafuta naambiwa limepelekwa kukarabatiwa. Watu wa nchi hiyo walisifika kwa jambo moja tu, uthabiti. Walikuwa na Wizara ya Uthabiti, Benki ya Uthabiti, na Gereza Kuu la Uthabiti, ambalo kusema kweli ndilo lililojengwa vizuri kuliko yote. Kila mwaka waliadhimisha Siku ya Kishindo. Siku hiyo wananchi walijaa uwanjani, na Mtukufu Mlezi akishamaliza hotuba yake aliuliza, "Tuko imara?" Hakuna aliyejibu kwa mdomo. Wote waliinua mguu wa kulia wakaukita chini kwa pamoja, ili maadui walioko mbali wasikie na wakose usingizi. Maadui wenyewe hawakuwahi kutajwa, na nasikia walikuwa wakilala vizuri tu.

Ndani ya uwanja huo palikuwa na jengo la fahari, Jukwaa la Mtukufu Mlezi. Lilikuwa na viti vya chini na viti vya juu, vyote vya zege, na lilijengwa na shemeji yake Mtukufu, bwana mmoja mwenye haraka zake ambaye hakuona sababu ya kufuata mchanga mbali na hali ufukweni umejaa tele. Mchanga wa bahari una chumvi, na chumvi na nondo, zile fito za chuma ndani ya zege, hawajawahi kupatana tangu dunia iumbwe, lakini hayo ni mambo ya ndani. Nje palipakwa plasta, juu ya plasta rangi, mbele ya rangi ukakatwa utepe.

Sasa, kwa kuwa jukwaa lilipewa jina la Mtukufu, likaingia katika Sheria ya Majina. Sheria hiyo ilisema kwamba kitu kikishapewa jina la mkubwa, heshima na siha ya mkubwa huhamia ndani yake. Ndiyo maana Shule ya Mtukufu haikuwa na mwanafunzi aliyefeli, na Barabara ya Mtukufu haikuwa na mashimo, ilikuwa na vituo vya kutafakari. Palikuwa na fahali mmoja wa maonyesho aliyepewa jina hilohilo tukufu. Alipokufa, waliendelea kumpelekea majani msimu mzima, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kusema. Ile methali ya ufa na ukuta nayo ilikuwa imeondolewa vitabuni siku nyingi, kwa madai kwamba inawavunja moyo mafundi.

Basi siku ya mazoezi ya Kishindo, Katibu Mkuu wa Uthabiti, Bwana Lugome, alikaa viti vya chini vya jukwaa akinywa chai. Kutoka juu kikadondoka kipande cha zege, ukubwa wa andazi, kikatua ndani ya kikombe. Watu wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya sherehe. Bwana Lugome hakuwa mjinga, nawaomba mlijue hilo mapema. Wajinga katika nchi hiyo hawakufika mbali, waliofika mbali ni wenye akili waliojua kuzificha. Alitazama juu, akaona michirizi ya rangi ya kahawia ikishuka kwenye boriti, akasogea taratibu mpaka akatoka nje ya kivuli. Kisha akaagiza aitwe mhandisi Tunu Mbelwa.

Tunu alikuwa mhandisi wa Idara ya Kukagua Vilivyo Imara. Kwa sheria, idara hiyo ilikagua vitu vilivyokwisha kujulikana kuwa ni imara, kwa sababu kukagua kitu chenye shaka ni kueneza shaka. Msidhani nawaletea shujaa hapa. Tunu alisoma mpaka ng'ambo akafaulu vizuri sana, lakini alikuwa mwoga kama mimi na wewe, tena mwoga mwenye shahada, ambaye woga wake una maneno mengi ya kujieleza. Alikuwa na mama yake, Bi. Mashavu, mjane aliyemsomesha kwa kuuza vitumbua, na hofu yake kubwa maishani ilikuwa kumwona mama huyo akirudi kwenye jiko la moshi kwa sababu binti kafukuzwa kazi.

Idara ilikuwa na mashine moja ya maana, msaada kutoka ng'ambo. Ilikuwa kigari kidogo chenye sumaku mbili nzito, na katikati yake vihisio. Ukikikokota juu ya boriti, sumaku hupenya zege na kuishika nondo iliyo ndani. Nondo ikiwa nzima, nguvu ya sumaku husafiri ndani yake kimyakimya, na mstari kwenye kioo hulala. Nondo ikiwa imeliwa na kutu, chuma hakitoshi tena kubeba nguvu ile. Nguvu hiyo huvuja ikatoka nje ya zege, vihisio vikainusa, na mstari ukaruka. Hakuna kuvunja, hakuna kuchimba. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mashine hiyo kazi yake ilikuwa kukuonyesha ni nguo ipi, bila kukuvua.

Tunu alianza na boriti za viti vya chini, mstari ukalala. Akapanda kwenye boriti zinazobeba viti vya juu. Mstari ukaruka. Akadhani amekosea, akarudia, ukaruka palepale. Akakokota kigari kutoka mwanzo wa boriti hadi mwisho wake, na mstari haukutulia hata kidogo. Boriti tatu za katikati nondo zake zilikuwa zimebaki jina. Tunu akakaa chini, kwa sababu alielewa vizuri kitakachotokea watu wakikaa pale juu na kuukita mguu wote kwa mpigo mmoja.

Alikwenda kwa Bwana Lugome akamweleza yote. Bwana Lugome alisikiliza kwa makini, akauliza ni boriti zipi hasa, akauliza na viti vilivyo chini ya boriti hizo, akauliza kama mtu akikaa upande wa pili wa uwanja, kwenye nyasi, atakuwa salama. Tunu akasema huko hakuna shaka. Bwana Lugome akashusha pumzi, na hapo ndipo alipokumbuka kukasirika. Akamuuliza mhandisi kama anafahamu kwamba ametoka kutangaza kuwa ndani ya Mtukufu mna kutu.

Tunu akajitetea kwamba amesema jukwaa, hakumsema mtu. Akasomewa Sheria ya Majina. Mambo ya ndani ya Mtukufu, akaambiwa, ni siri ya dola, na mwenye ruhusa ya kuyazungumza ni daktari wake peke yake. Kwa hiyo daktari akaletwa, mzee wa miwani minene, akapandishwa ngazi na kipimo chake cha kusikilizia kifua. Akaiwekea boriti kipimo hicho, akafumba macho, akaiambia ivute pumzi. Baada ya kuandika kidogo akatoa majibu: mapigo ni ya kawaida, mgonjwa hana homa, ila kwa umri wake apunguziwe chumvi. Watu wote wa idara wakacheka kwa heshima, isipokuwa Tunu, aliyejua kwamba huyo ndiye mtu pekee serikalini aliyetaja ugonjwa wenyewe, na hata yeye hakujua kama ameutaja.

Ikabaki mashine. Liliundwa jopo la kuihoji. Mjumbe mmoja alitaka kujua kwa nini sumaku inavutwa na chuma cha nchi hii na hali yenyewe imetoka nchi nyingine. Je, hiyo si kuingilia mambo ya ndani? Mwingine, aliyewahi kupita chuo cha ufundi, alichungulia pembeni mwa kigari akaona kitasa kidogo cha kuzungusha, akauliza ni cha nini. Tunu akaeleza kuwa hicho hupandisha au hushusha uwezo wa vihisio. Wajumbe wakatazamana. Wakamwomba akishushe.

Hapo angeweza kukataa. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na kila mara naona mahali pake ningekishusha na mimi. Alikizungusha kidogo, wakasema bado. Akakizungusha tena, wakasema bado kidogo. Akakizungusha mpaka kikagota, na mstari ukalala chali kwenye kioo, na boriti zilizooza zikaonekana changa kabisa. Jopo likaipongeza mashine kwa kujirekebisha. Jioni hiyo Tunu alipelekwa redioni akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Mimi mhandisi Tunu Mbelwa nathibitisha kwamba Jukwaa la Mtukufu Mlezi ni imara nje na ndani." Akapandishwa cheo kabla hajatoka studio.

Alijifariji kwa hoja moja. Jukwaa lile hukaliwa na wakubwa, na wakubwa sasa wanajua. Basi watalifunga kimyakimya kwa kisingizio chochote, na hakuna atakayeumia. Hoja nzuri, mtu akiisikia anaona ina kichwa na miguu. Kweli, siku mbili baadaye Ikulu ikatangaza kuwa mwaka huu Mtukufu ameamua kukaa chini ya turubai upande wa pili wa uwanja, ili awe karibu na nyasi. Mawaziri nao, mmoja baada ya mwingine, waligundua kwamba tangu utotoni walikuwa wapenzi wa nyasi. Shemeji yake Mtukufu alipenda nyasi zaidi ya wote, akasafiri kuzifuata nchi ya jirani. Tunu alimshukuru Mungu, usiku huo akala akashiba.

Kesho yake akaenda kumtembelea mama yake kule Mabanda Juu. Bi. Mashavu alikuwa kiongozi wa kikundi cha akina mama wa mtaa, wanaoimba kwenye sherehe. Miaka yote walisimama juani katikati ya uwanja, na kila mwaka mmoja wao alizimia. Siku hiyo Tunu alimkuta mama yake uani anapiga pasi sare huku akiimba, uso umemnawiri, na wenzake wamejaa barazani vicheko tele. Wakampa habari kwa zamu, kila mmoja akimkatiza mwenzake: Mtukufu ametoa zawadi kwa wananchi. Mwaka huu viti vya juu vya jukwaa ni vyao, akina mama wa Mabanda Juu, na ndio watakaoongoza Kishindo.

Tunu akamvuta mama yake ndani akambembeleza asiende. Alisema jua litakuwa kali; mama akamkumbusha kuwa jukwaani kuna kivuli. Alisema ngazi ni ndefu. Mama akasema atazipanda hata kwa magoti. Alisema watu watakuwa wengi, watasukumana, na Bi. Mashavu akaanza kumtazama vizuri.

"Mwanangu, una nini? Au unaona haya mama yako muuza vitumbua kukaa walipokaa mawaziri?"

"Sivyo, mama. Naogopa tu lile jengo."

"Unaogopa nini? Nimekusikia redioni kwa masikio yangu. Nilimwambia kila mtu hapa, huyo ni binti yangu, akisema kitu kizima, basi kizima."

Tunu angesema nini? Kwamba aliudanganya ulimwengu mzima ili mama asirudi jikoni, na sasa ulimwengu wenyewe ndio mama? Akaaga, akatoka akilia njia nzima, na waliomwona walidhani ni furaha ya cheo.

Akaenda moja kwa moja ofisini kwa Bwana Lugome. Safari hii hakuzunguka. Alimwambia kwamba mama yake ni mmoja wa wale wanawake, akamsihi viti vya juu viachwe wazi. Bwana Lugome alimkaribisha chai, akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza akazungumza kama mtu.

"Vikiachwa wazi, watu watauliza kwa nini," alisema. "Wakiuliza, itabidi tujibu. Wewe umewahi kuona nchi hii ikijibu?"

"Basi wakae watu wengine, Mheshimiwa. Wakae askari."

"Askari wana bunduki, binti. Hatuwezi kuwafanyia hivyo."

Tunu akamuuliza kama usiku anapata usingizi. Bwana Lugome akafikiri kidogo, akakiri kuwa siku hizi anaupata kwa shida, lakini daktari amemshauri apunguze chai. Kisha akamhakikishia Tunu kwamba kwake yeye nafasi imeshatengwa chini ya turubai, mstari wa pili, karibu kabisa na nyasi. Alipomsindikiza mlangoni alimpigapiga begani, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

Siku ya Kishindo ikafika. Uwanja ukafurika, bendera zikapepea, na milango ikafungwa kwa minyororo, kwa sababu ilikuwa mwiko mtu yeyote kutoka kabla Mtukufu hajatoka. Tunu hakwenda kwenye turubai. Alipanda ngazi za jukwaa, akapita katikati ya akina mama waliovalia sare na viatu vipya vya soli ya mbao walivyogawiwa na Wizara ili kishindo kisikike vizuri. Akakaa karibu na mama yake. Bi. Mashavu alifurahi mno, akawaonyesha wenzake, jamani mwanangu kaacha wakubwa kaja kwetu.

Hapo ndipo Tunu alipomwambia. Alimnong'oneza yote, boriti, kutu, kitasa cha mashine, redio, na hakujitetea hata kidogo. Furaha ilimtoka mama yake usoni polepole, na Tunu aliona ni heri angepigwa kofi.

"Kwa hiyo kumbe hatukupewa," Bi. Mashavu alisema mwishoni. "Tumewekwa."

"Nisamehe, mama."

"Mimi nitakusamehe, ni mwanangu uliyetoka tumboni. Haya simama, waambie na wenzangu."

Tunu akasimama na kuwaambia. Alitegemea watapiga kelele, au hawatamwamini. Waliamini mara moja. Walikuwa watu wa Mabanda Juu. Habari ya nyumba kuanguka hawakuisoma vitabuni. Mama mmoja alisema alipopanda aliona michirizi ya kahawia akajua hii ni kutu, ila akajiambia labda kutu ya wakubwa haidhuru. Mwingine akashuka ngazi kumwambia askari kuwa amebanwa na haja. Askari alikuwa kijana mpole, akamwomba radhi, akasema yeye mwenyewe amebanwa tangu asubuhi na hana ruhusa. Akamrudisha juu akimshika mkono asije akateleza.

Basi wakaamua wakae kwa wepesi. Ndiyo, mmenisikia vizuri. Wakavua vile viatu vya mbao, wakavipanga pembeni. Tunu akawaonyesha zilipo nguzo, na wale wanene wakahamia hapo, wembamba wakabaki katikati, mmojammoja, wakinyata. Kulikuwa na Bi. Zuhura, mwanamke wa mwili haswa, akaulizwa na wenzake leo ataficha wapi neema zake zote. Akajibu kuwa nguzo moja haimtoshi, wamtafutie na ya akiba. Wakacheka, kisha wakashauriana wasicheke sana. Kwa kitambo kidogo palikuwa na upole mwingi kule juu, kila mtu akimsogezea mwenzake, kila mtu akiuliza kama mwenzake amekaa vizuri. Tunu alikuwa hajawahi kuipenda nchi yake namna hiyo.

Mtukufu alihutubia. Alizungumzia misingi. Alizungumzia wale wanaoona kutu kila mahali kwa sababu macho yao yenyewe yameshika kutu. Aliwashukuru wataalamu wazalendo, na kamera zikamtafuta Tunu chini ya turubai zisimwone. Halafu akanyanyua mkono akauliza, "Tuko imara?"

Uwanja mzima ukaukita mguu, vumbi likapanda. Kule juu akina mama waliinua nyayo zao tupu wakaziteremsha taratibu, jinsi mtu anavyopita mbele ya mtoto aliyelala. Boriti ililia, mlio mfupi wa ndani kwa ndani. Unga wa zege ukamwagika. Jukwaa likasimama. Bi. Zuhura akaanza kusoma dua, wengine wakashikana mikono, na machozi ya nafuu yakawatoka, kwa kuwa mguu wa Kishindo ni mmoja tu, na walikuwa wameshaukita.

Lakini Mtukufu hakushusha mkono. Alikuwa ametega sikio upande wa jukwaa lake. Akasema kwenye kipaza sauti, kwa masikitiko ya baba, kwamba amewasikia wa kulia, amewasikia wa kushoto, ila kule juu, kwenye viti alivyowapa kwa moyo wake wote, hakusikia kitu. Akanong'onezwa na mtu mwenye darubini. Akatabasamu, akasema anaambiwa akina mama wamevua viatu, na hakuwalaumu, maana ni vipya na labda vinabana. Watavizoea. Wavivae, Kishindo kirudiwe, na safari hii uwanja wote unyamaze ili wasikike wao peke yao.

Askari wakapanda, yule mpole akiwa mbele, wakaanza kugawa viatu. Walivigawa kwa adabu, wakiuliza kila mama namba yake. Uwanja ulikuwa kimya kabisa. Bi. Mashavu alijaribu kuvaa vyake, lakini kamba zikawa zinamponyoka, na Mtukufu kwenye kipaza sauti alisema hakuna haraka, atasubiri. Tunu akapiga magoti mbele ya mama yake, akamfunga viatu.